Fundi redio wa Majengo hapa Dodoma, kama una redio ya mzee wako usiitupe mpelekee huyu

Nimechelewa kuandika hii, ilitakiwa niiandike toka mwezi wa saba ila kazi zilibana, sasa leo asubuhi mama kanipigia simu kutoka Mvumi ananiambia redio bado inaongea vizuri kabisa, nikasema hapana aisee, huyu mzee lazima watu wamjue.

Ni banda la fundi redio, nyuma nyuma ya soko la Majengo. Halina bango wala namba, ina mlango wa bati wa bluu na benchi moja nje, ukifika sokoni muulize bodaboda yeyote "fundi mzee wa Mombasa yuko wapi" atakupeleka. Hatengenezi simu. Hatengenezi tv za flati. Ni redio tu, na zile deki za kanda kama bado unayo, na ukimletea kitu kingine atakwambia kwa upole nenda kwa vijana pale mbele.

Redio yenyewe ni National ya baba, ile ya mita bendi yenye kava la ngozi na mkanda wa kubebea begani. Baba alikuwa karani wa reli hapa stesheni ya Dodoma na aliinunua 1984, sisi watoto tumekua nayo, ilikuwa inakaa juu ya kabati na hakuna aliyeruhusiwa kugusa ile swichi ya bendi isipokuwa yeye. Alipofariki mama akaendelea nayo kijijini, taarifa ya habari, vifo, salamu, mpaka mwaka jana mwishoni akanipigia akasema "redio ya baba yenu imenyamaza". Alivyosema lile neno imenyamaza, nilishindwa kumjibu.

Kwanza niliipeleka kwa fundi mwingine mjini, simtaji, nilimpa elfu kumi na mbili akakaa nayo wiki mbili, akanirudishia inakoroma FM tu, ukigeuza upande wa masafa mafupi kimya, na akaniambia dada hizi zimepitwa na wakati, mnunulie mama sabufa. Mama yangu hataki sabufa. Mama yangu anataka redio ya mume wake.

Sasa nielezee kwa Mzee ilikuwaje maana hapa ndio penyewe. Nilienda muda wa lanchi, nina haraka, nikamwamkia shikamoo akaitikia marahaba mwanangu twaa kiti, nikaanza kumweleza tatizo akaninyooshea kiganja ningoje. Hakushika bisibisi. Akafungua kwa nyuma tu pale pa betri, akakwangua kutu la kijani kwa kisu kidogo, akaweka betri zake mwenyewe sita kubwa, akawasha. Halafu akalaza sikio kwenye spika, akafumba macho, akaanza kuzungusha ile daili pole pole, nasema pole pole, mwanzo wa bendi mpaka mwisho, akabadili bendi, mwanzo mpaka mwisho, bendi zote. Ilichukua dakika kumi au zaidi. Kuna mama mmoja mtu mzima wa Kigogo alipita na ndoo ya nyanya akamsalimia "mbukwa", hata hakumsikia, yule mama akacheka akaniambia muache, akiwa hivyo hayupo hapa.

Alipofumbua macho akasema, "Hino haikufa mwanangu. Imezibwa masikio tu."

Ndio akafungua. Akanionyesha kitu kimoja kimoja na wala sikuwa nimemwomba. Kuna kile kijiti cheusi cha antena ya ndani kimezungushiwa waya mwembamba kama unywele, waya mmoja umekatwa, ukatikaji ule sio wa uzee ni wa mtu, alikuwa na glasi ya kukuzia akaniwekea jichoni nikaona mwenyewe ncha ya waya imebanwa na koleo. Yule fundi wa kwanza bas. Swichi ya bendi imejaa vumbi, vumbi letu hili la Dodoma jekundu, la kiangazi, linaingia mpaka kwenye chupa iliyofungwa. Kapasita nne zimekauka, moja imevimba kichwani. Kamba ya daili imelegea ndo maana mshale ulikuwa unaonyesha sehemu moja na stesheni iko sehemu nyingine. Akaniandikia kwenye karatasi ya daftari: spea 6,000, kazi 12,000, siku tisa. Nikamwambia Mzee mbona siku nyingi hivyo, akasema siku moja ya kutengeneza na siku nane za kuisikiliza, maana redio inaweza ikapona asubuhi ikaugua jioni, anataka aisikilize asubuhi, mchana, usiku, kukiwa na umeme na umeme ukiwa umekatika. Hii sijawahi kuiona kwa fundi yeyote wa kitu chochote katika maisha yangu.

Sasa ukutani juu ya meza yake, katikati ya maspika na mifupa ya redio, kuna picha moja kwenye fremu, nyeusi na nyeupe, wanafunzi wamepanga mistari mbele ya jengo, jengo lenyewe limefifia sana juu huku. Nilimuuliza tu ili muda uende. Kumbe ndo nimegusa penyewe. Ni shule aliyosoma, Allidina Visram, kisiwani Mombasa, inatazama Bahari ya Hindi. Akaniuliza unajua hili jengo lilikuwa nini kabla sijaingia mimi? Nikasema shule. Akasema lilikuwa sikio.

Nitaeleza kama alivyonieleza, na mengine nilienda kusoma mwenyewe usiku maana sikulala.

1942 mwezi wa nne Wajapani walishambulia Colombo na Trincomalee kule Ceylon, Sri Lanka ya leo, meli za Waingereza zikazamishwa na ndege, ikaonekana pale sio salama tena, bas kundi kubwa la meli zao za kivita za mashariki likahamia bandari ya Kilindini, Mombasa. Na pamoja nalo wakaja watu wa aina nyingine kabisa ambao hawakuwa na bunduki, walikuwa na hedfoni na penseli. Hawa walikuwa wanakimbia vita toka zamani, walianzia Hong Kong, wakahamia Singapore 1939, Singapore ikawa inaelekea kuanguka wakaenda Colombo mwanzoni mwa 1942, na Colombo napo miezi michache tu, wakaishia Mombasa. Jeshi la majini likachukua ile shule ya Allidina ikawa ofisi yao. Kazi yao ilikuwa kukaa mchana na usiku kuisikiliza redio ya Wajapani inavyopiga ti-ti-taa za Morse hewani, zile herufi za milio mifupi na mirefu, kuandika kila herufi, halafu wengine kukaa na yale makaratasi wajaribu kufungua maana yake. Na Wajapani walikuwa wanatumia Morse ya kwao, ya silabi za kana, yaani maandishi yao ya Kijapani, kwa hiyo hata kuandika tu ulichosikia ilibidi ujifunze upya kama mtoto. Kulikuwa na wanawake pia, mabinti wa jeshi la majini la Uingereza.

Af sikia shida yao. Mzee aliieleza hii huku ameshika antena ya redio yangu mkononi. Mawimbi ya masafa mafupi hayaendi kama barabara, yanapanda juu yanagonga lile tabaka la hewa yenye chaji yanarudi chini, yanagonga bahari yanapanda tena, yanaruka hivyo hivyo kama jiwe la mtoto juu ya maji, na kila ruko yanachoka. Kutoka Tokyo mpaka Colombo ni chini ya kilomita 7,000. Mpaka Mombasa ni kama 11,000. Kwa hiyo waliokuwa Mombasa walikuwa wanasikia kwa shida kweli, sauti inafika imechoka, inazama kwenye kelele za radi na joto, na zile ripoti za siri kubwa za jeshi la majini la Japani walibaki nyuma sana kuzifungua kwa sababu walikuwa hawapati za kutosha. Mzee aliposema hivyo akageuza daili ya redio moja iliyokuwa mezani mpaka kati ya stesheni mbili, pale kwenye shhhhhh tupu, akaniambia hebu sikiliza, uniambie kuna nini humo ndani. Nikasema hamna kitu. Akasema sikiliza tena. Nikaweka sikio. Baada ya muda, mbali mbali kabisa, nikasikia mtu anaongea, sijui lugha gani, kama yuko chini ya kisima. Akasema unaona, na yule ni mtu. Wao kazi yao ilikuwa hiyo, miezi kumi na kitu.

Lakini hapo hapo kwenye kusikia vibaya ndipo walipopata kitu. Novemba 1942 opareta mmoja wa Kijapani alituma ujumbe wa meli za mizigo, akawa amesahau kipande, akautuma tena mzima safari hii na kile kipande ndani, kwa ufunguo ule ule. Kosa la mtu aliyechoka tu. Wale wa Allidina wakaziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu wakaona tofauti, na kupitia tofauti ile wakagundua ile siri inavyofungwa, ile wanayoiita JN-40, ndani ya wiki chache wakawa wanasoma jumbe za meli za mizigo za Japani, mpaka za nyuma walizokuwa wameziweka akiba bila kuzielewa. Meli gani, inatoka wapi, itakuwa wapi. Kutoka kwenye darasa la shule, kisiwani Mombasa. 1943 wakafungasha wakarudi Colombo ambako wanasikia vizuri zaidi, na shule ikarudi kuwa shule.

Kilichoniuma mimi ni hiki. Baba yake Mzee alikuwa kuli pale Kilindini miaka ile ile. Alikuwa anapita nje ya lile jengo, anaona waya, anaona walinzi, na alichowahi kumwambia mwanae ni kwamba wazungu walifunga shule wakaweka nyaya zao. Bas. Mambo hayo yalifichwa miongo na miongo, yule baba amekufa hajui ndani kulikuwa na nini, na Mzee mwenyewe amekaa kwenye madawati yale mwaka 1962 mpaka 65 anafanya hesabu hajui, kaja kujua uzeeni, mjukuu wake alimtolea makaratasi ya intaneti steshenari, ameyalamineti, yako kwenye droo pamoja na risasi za kulehemu. Alinionyesha. Ameyapigia mistari kwa kalamu nyekundu kama mwalimu.

Na baba yake huyo huyo alikuwa anasimulia sana meli moja, Khedive Ismail, iliondoka Mombasa Februari 1944 imebeba wanajeshi, wengi wakiwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi tarehe 12 ikazama kwa dakika chache tu, watu zaidi ya 1,200. Vijana wa huku kwetu walikuwa mle. Mzee alipofika hapo aliacha kulehemu, akasema siku ile hakuna aliyesikia. Hakuongeza neno na mimi sikuuliza.

Jambo jingine ambalo sikulitegemea, huyo Allidina mwenyewe sio mtu wa mbali na sisi. Alikuja kutoka Kutch, India, akiwa mtoto wa miaka kumi na mbili, kazi akaianzia Bagamoyo kwa Sewa Haji, yule yule ambaye jina lake liko kwenye jengo la Sewahaji pale Muhimbili, na biashara yao ilikuwa ni kupakia misafara ya bara, na njia ya bara ndio hii ya Ugogo, mabibi na mababu zetu walikuwa wanawatoza hongo, yaani ushuru wa njia, wapite na wanywe maji. Baadae akafungua maduka mpaka Uganda kufuata reli, akafa 1916, mtoto wake ndo akajenga shule kwa jina la baba, 1923. Kwa hiyo mshahara wa wapagazi waliopita hapa Dodoma na hongo yetu ya maji viko kwenye matofali yale kwa namna fulani. Nilimwambia Mzee hivyo akacheka mpaka miwani ikadondoka, akasema basi hili fremu lenu pia, ndo maana nimekuja kulitundika huku.

Turudi kwenye huduma. Siku ya tisa nilienda, haikuwa tayari. Niseme ukweli nilikasirika, nilikuwa nimeshamwahidi mama wikiendi ile. Alisema usiku wa jana yake imeleta mkwaruzo kwenye mita bendi 31 na hawezi kuitoa ikiwa hivyo, nikamwambia Mzee mama hasikilizi hata hiyo bendi, akaniangalia akasema lakini baba'ako je? Nikakaa kimya. Ikachukua siku nne zaidi. Hakuniongezea hata shilingi, ilibaki elfu kumi na nane ile ile, na akanipa kapasita zangu mbovu kwenye kikaratasi na kipande cha waya uliokatwa, vitu vyako hivi.

Mapungufu mengine nisifiche. Hana simu ya kupiga kuuliza imefika wapi, yaani anayo ila anaizima akiwa anafanya kazi, itabidi uende. Risiti ni ile karatasi ya daftari usiipoteze. Hapokei malipo ya simu, nenda na keshi. Banda ni dogo sana, mchana jua la bati linachoma, beba maji. Na kama una haraka ya kweli kweli usiende kwake, sio tusi, ni kwamba hatakubali kuharakishwa na mtagombana bure.

Tulienda nayo Mvumi Jumamosi. Alikuwa ameniambia usiijaribie mjini, mjini kuna taa za LED na machaja ya simu yanapiga kelele hewani, ipeleke kijijini usiku, zimeni kila kitu, mkae nje. Tukafanya hivyo. Mama kakaa kwenye mkeka chini ya mbuyu, baridi ile ya mwezi wa saba, kajifunika khanga mbili. Nikatoa kipande cha waya mita kama kumi alichonipa Mzee bure, nikakibana kwenye antena nikakirusha kwenye tawi. Nikaanza TBC, safi kama mtu yuko pembeni. Mama kanyoosha mkono, kaichukua, kaiweka mapajani, na nikashangaa kageuza mwenyewe ile swichi ya bendi ambayo miaka yote hatukuruhusiwa, kaipeleka masafa mafupi, anazungusha taratibu, taratibu, na kichwa kakiinamisha upande mmoja kama anavyoinamisha akiwa anasikiliza mtoto anayeumwa anavyopumua. Kwenye mita bendi 25 ikaingia Zanzibar. Taarabu. Inakuja inaondoka, inakuja inaondoka, fidla zinapanda kama wimbi halafu zinazama, ile ile kama maji. Kisiwani mpaka kwenye mbuyu wa Mvumi, hakuna intaneti hakuna bando.

Mama kasema baba yenu alikuwa anaitafuta hii kila Jumamosi nyie mkishalala.

Mimi hilo sikujua. Miaka yote nilidhani anasikiliza habari.

Jumatatu yake nilimpitia Mzee nikampelekea zabibu kilo mbili nikamsimulia, akanifanya nirudie pale pa taarabu mara mbili, akauliza ilikuwa inapotea kwa sekunde ngapi, inarudi kwa nguvu ile ile au pungufu, akaandika kwenye daftari lake. Anasema kama inapotea sana tuongeze waya uwe mita kumi na tano na uwe juu zaidi ya tawi. Ntaenda kuongeza mwezi ujao.

Anafungua kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Ijumaa anafunga saa sita kwenda swala na harudi mapema, Jumapili hayupo. Ukienda nenda asubuhi kabla jua halijakaa kwenye bati, chukua na betri zako mpya kubwa maana zake anazotumia kujaribia zinaisha na hatakudai, na usianze kumweleza tatizo. Mpe tu redio, ukae kwenye benchi.